Kutoka Likasi Naiona Guadalajara

Tarehe 16 na 17 Januari ni sikukuu mbili zinazofuatana nchini Kongo. Ya kwanza tunamkumbuka Laurent-Désiré Kabila, ya pili Patrice Lumumba. Mwaka huu wa 2026 ziliangukia Ijumaa na Jumamosi, kazi zikasimama Lubumbashi, nami nikapata nafasi ya kwenda Likasi kwa yaya wangu, dada yangu mkubwa, aliyeolewa huko. Ni safari ya kilomita 120 hivi kuelekea kaskazini-magharibi, lakini haina wepesi. Malori yanayobeba shaba na kobalti kutoka Kolwezi hadi mpakani Kasumbalesa hayana sikukuu, na dereva wa basi ndogo hukipigia hesabu kila kilima kabla hajathubutu kuyapita.

Ndani ya basi habari ilikuwa moja tu, Leopards, timu yetu ya taifa. Tarehe 6 Januari, mjini Rabat, Aljeria walikuwa wametutoa katika 16 bora ya Kombe la Mataifa ya Afrika kwa bao la Adil Boulbina la dakika ya 119, wakati kila mtu ameshajipanga kwa penalti. Kijana aliyeketi nyuma yangu alikuwa akieleza kwa mara nyingine namna lile shuti lilivyokwenda, mpaka mama mmoja mwenye mtoto mapajani akamkatiza: "Papa, ile jina ya Boulbina sitaki kuisikia tena mu hii basi." Watu wakanyamaza. Kisha mzee aliyekuwa mbele karibu na dereva akageuka akauliza: "Sasa mu Mexique itakuwa namna gani?"

Swali hilo ndilo lililonisindikiza siku zote nilizokaa Likasi. Katika kufuzu kwa Kombe la Dunia tulimaliza wa pili nyuma ya Senegali. Novemba tukaingia mchujo wa Afrika uliochezwa Rabat. Tarehe 13 tukaitoa Kameruni 1-0, bao la nahodha Chancel Mbemba dakika ya 91. Tarehe 16 tukaitoa Nijeria kwa penalti 4-3 baada ya sare ya 1-1. Hata hivyo hatukupewa tiketi. Tulipewa mlango mmoja wa mwisho, mchujo wa mabara, na droo ya tarehe 20 Novemba ikatupangia Guadalajara, Meksiko, tarehe 31 Machi, dhidi ya mshindi kati ya Jamaika na Kaledonia Mpya. Mechi moja, hakuna marudiano. Atakayeshinda ataingia kundi la Ureno, Kolombia na Uzbekistani.

Januari ni mwezi wa mvua Katanga. Pande zote mbili za barabara pori la miombo lilikuwa kijani kibichi, vichuguu vyekundu vikichomoza juu kuliko paa la nyumba, na kila baada ya mwendo kidogo akina mama na watoto walikuwa wamepanga uyoga uliochumwa alfajiri, mwingine mpana kama sinia, kando ya magunia ya makaa. Yule mama wa kwenye basi alimsimamisha dereva, akanunua mafungu mawili, na abiria wote tukasubiri bila kunung'unika. Tulipita Luishia, mji wa migodi, tope limefika hadi kwenye vizingiti vya maduka.

Katika njia hii kuna mahali panaitwa Shilatembo. Ukitoka Kinshasa unaweza kulisoma jina hilo vitabuni tu. Sisi wa Lubumbashi tunalipita tukienda kumwona shangazi au kununua mahindi. Usiku wa 17 Januari 1961 Lumumba na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito walipigwa risasi huko porini, mbele ya viongozi wa Katanga iliyokuwa imejitenga na maofisa wa Kibelgiji. Miili iliyeyushwa kwa asidi. Kilichobaki cha Lumumba ni jino moja, ambalo Ubelgiji ililirudisha Juni 2022, nalo likaletwa hapa Shilatembo kabla ya kwenda kuzikwa Kinshasa.

Msomaji aliyetazama mashindano ya Moroko ataelewa kwa nini tulipofika hapo basi zima lilitazama dirishani. Katika mechi zetu zote nne, dhidi ya Benin, Senegali, Botswana na Aljeria, shabiki wetu Michel Kuka Mboladinga alisimama jukwaani amevaa suti, miwani, nywele zimechanwa kwa njia ya pembeni, mkono wa kulia umeinuliwa kama sanamu ya Lumumba iliyopo Limete, Kinshasa. Hakuimba, hakuruka. Alisimama tu mchezo mzima, bila kutikisika. Bao la Boulbina lilipoingia, sanamu ile ikalia mbele ya dunia nzima. Mchezaji mmoja wa Aljeria alimwigiza kwa kejeli baada ya filimbi, kisha akaomba radhi. Mimi ningeweza kusamehe bao, lakini kejeli ile iliniuma kuliko bao.

Hapa Katanga jina la Lumumba si jepesi. Moïse Tshombe, aliyeongoza kujitenga kati ya 1960 na 1963, ana sanamu yake katikati ya Lubumbashi, na zipo familia ambazo hadi leo zinamtaja kwa mapenzi. Ndiyo maana maneno ya yule mzee wa mbele yalinigusa. Alisema taratibu, bila kumtazama mtu: "Yule wa Maroc, ni wetu." Hakuna aliyembishia. Nimeishi Katanga miaka ya kutosha kujua kwamba sentensi kama hiyo, katika barabara hiyo, ina uzito.

Tukavuka daraja la mto Lufira. Septemba 1961, kikosi cha Waairishi wa Umoja wa Mataifa kilipozingirwa Likasi, wakati huo ikiitwa Jadotville, wenzao waliotumwa kuwaokoa walikwama kwenye daraja hili. Leo daraja linakwamisha malori tu.

Likasi ni mji wa vilima. Unaingia ukipanda na kushuka, nyumba za zamani za matofali zimejificha nyuma ya miembe na maparachichi, halafu ghafla kati ya vilima unaona viwanda vya Shituru, kwa kuwa mji huu ulizaliwa kwa ajili ya kuyeyusha na kusafisha shaba. Kampuni ya migodi ya Union Minière iliujenga, Gécamines ikaurithi, na hadi leo ukimuuliza mtu wa makamo kazi ya baba yake, jibu la haraka huwa ni reli au kiwanda. Una mitaa minne mikubwa yenye utawala wake: Likasi, Kikula, Panda na Shituru. Yaya wangu anakaa Kikula, si mbali na uwanja wa mpira unaobeba jina la mtaa huo, ambako Panda, timu ya mji, hucheza. Jioni ya Ijumaa nilipita hapo na shemeji. Watoto walikuwa wanacheza pembeni pekupeku, na kila aliyepiga penalti alijitaja kuwa Mbemba. Mmoja aliyechagua kuwa mshambuliaji Wissa alikosa, wakamzomea.

Nyumbani tulikula bukari, ugali wetu, kwa sombe na samaki wa Lufira, na uyoga niliokuwa nimenunua mimi pia. Baba mkwe wa yaya, mstaafu wa Gécamines, alikuwa kwenye kiti chake barazani, kikombe cha kinywaji cha munkoyo mkononi. Aliponisikia nikitaja Guadalajara akasema: "Mwana yangu, miye nilionaka ya 74. Batoto ba 74 balikuwaka bote ba hapa kwetu."

Ni kweli. Zaire ya 1974, taifa la kwanza la Afrika kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia, ilikwenda Ujerumani Magharibi na wachezaji 22 wote wa klabu za nyumbani. Walikuwa mabingwa wa Afrika wa mwaka huo huo, Mulamba Ndaye ameweka rekodi ya mabao tisa katika mashindano. Beki Bwanga Tshimen wa TP Mazembe alikuwa Mchezaji Bora wa Afrika wa 1973. Kipa Kazadi na beki Mwepu Ilunga nao walitoka Mazembe, yaani kilomita 120 kutoka kwenye kiti cha mzee. Walifungwa 2-0 na Uskoti, 9-0 na Yugoslavia, 3-0 na Brazili. Na dunia ikachagua kukumbuka jambo moja: Mwepu akichomoka kwenye ukuta na kuupiga mbali mpira wa adhabu wa Wabrazili kabla haujapigwa.

Picha ile imechekwa kwa zaidi ya miaka 50. Imewekwa kwenye vipindi vya vichekesho vya soka, watangazaji wakisema Waafrika hawakujua sheria. Mwepu mwenyewe alieleza baadaye kwamba sheria aliijua. Wachezaji walikuwa wamenyimwa fedha zao na walikuwa wakicheza chini ya vitisho vya utawala wa Mobutu. Alifariki 2015 bila kuiona Kongo ikirudi. Mzee wa Kikula aliniambia kwamba siku ile ya Yugoslavia watu wa kiwandani walirudi nyumbani bila kusalimiana. Halafu akaongeza, na hapo sauti yake ikawa kali: "Banamuchekaka Mwepu. Tukirudia kule, batanyamaza." Mimi nadhani hiyo ni sababu tosha ya kuitaka mechi ya tarehe 31 Machi kwa moyo wote. Zipo nyingine.

Jumamosi jioni, siku ya Lumumba, tulikwenda nganda moja ya jirani, yaani baa, kutazama Nijeria na Misri wakigombea nafasi ya tatu. Umeme ulikatika mapema, mwenye nganda akawasha jenereta, na kelele yake ikatulazimu wote kusema kwa sauti ya juu kama watu wanaogombana. Palikuwa na walinzi wa mgodi, wachimbaji wadogo, mwalimu, mafundi cherehani wawili, na wasichana wa chuo waliokuwa na jezi za buluu. Mechi ilikwisha 0-0 na Nijeria wakashinda kwa penalti 4-2. Wengi walishangilia Misri. Mimi niliishangilia Nijeria, na nilipoeleza kwa nini, mwalimu alinunua raundi.

Hesabu yangu ni hii. Nijeria wamekuwa wa tatu Afrika, na sisi ndio tuliowanyima Kombe la Dunia. Senegali, ambao siku iliyofuata waliifunga Moroko 1-0 kwenye fainali, tulitoka nao 1-1 pale Tangier tarehe 27 Desemba, Bakambu akitangulia kufunga, Mané akisawazisha. Aljeria walihitaji dakika 119. Kwa hiyo hatuzungumzii timu ya kubahatisha. Ukiziweka juu ya meza timu zote mbili tunazoweza kukutana nazo Guadalajara, hakuna hata moja yenye kipimo cha Nijeria, Senegali au Aljeria. Jamaika wamecheza Kombe la Dunia mara moja tu, 1998. Novemba walihitaji ushindi nyumbani Kingston dhidi ya Curaçao, wakatoka 0-0, na kocha wao Steve McClaren akajiuzulu usiku uleule. Wiki chache kabla, kimbunga Melissa kilikuwa kimepiga kisiwa chao vibaya. Watakuja na uchungu, na timu yenye uchungu ni ya kuheshimiwa. Lakini ni timu tunayoiweza.

Mwalimu hakukubali haraka. Alikuwa na kumbukumbu nzuri na aliitumia bila huruma. Septemba 2017, Kinshasa, tulikuwa tunaongoza Tunisia 2-0, tukaruhusu mawili ndani ya dakika chache, tukamaliza kundi nyuma yao kwa pointi moja. Machi 2022 tulitoka sare 1-1 na Moroko nyumbani, tukaenda Casablanca tukala manne kwa moja. Septemba 9, 2025, Stade des Martyrs imejaa, tukawa mbele ya Senegali 2-0 ndani ya dakika 33 kwa mabao ya Bakambu na Wissa, tukafungwa 3-2, la tatu likiingia dakika ya 87. "Ugonjwa yetu ni moja," alisema. "Tunashindwaka kufunga mulango."

Yuko sahihi kuhusu ugonjwa. Ninachobisha ni mahali unapotupata. Angalia vizuri: Tunisia 2017 na Senegali 2025 zote mbili zilikuwa Kinshasa, mbele ya watu wetu wenyewe, tukiwa mbele kwa mabao mawili. Uwanja ule unapokuwa unaimba, wachezaji wetu hawawezi kurudi nyuma na kushika mpira. Wanataka la tatu, umati unataka la tatu, na katikati ya kutaka huko mlango unabaki wazi. Ugenini, chini ya Sébastien Desabre aliyeshika timu Agosti 2022, wamekuwa watu wengine kabisa. Wanakaa pamoja, wanavumilia, wanasubiri. Hivyo ndivyo walivyofika nusu fainali kule Abidjan Februari 2024, wakiitoa Misri njiani kwa penalti. Hivyo ndivyo walivyowatoa Kameruni kwa kona ya dakika ya 91. Dhidi ya Nijeria walifungwa dakika ya tatu na hawakuparaganyika: Meschack Elia alisawazisha, na dakika za mwisho za muda wa nyongeza Desabre akamwingiza kipa Timothy Fayulu kwa ajili ya penalti tu. Fayulu akaokoa ya Semi Ajayi, Mbemba akamaliza kazi. Kocha anayeweza kumtoa kipa wake wa kwanza dakika kama ile ameifikiria mechi kabla haijaanza.

Guadalajara ni uwanja wa watu wengine, kwa hiyo unatufaa. Kitu kimoja kinanipa wasiwasi na sijasikia watu wakikisema. Mji ule uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Sisi wa Likasi na Lubumbashi tunaoishi juu ya mita 1,200 tusingehisi sana, ila Leopards wa leo karibu wote wanacheza Ulaya, kwenye miji ya chini: Wan-Bissaka, Sadiki, Masuaku, Bakambu. Hata Axel Tuanzebe, mzaliwa wa Bunia, amekulia Uingereza. Dakika ya 70 miguu itakuwa mizito. Ombi langu kwa benchi ni kwamba timu iwahi kufika Meksiko, na wachezaji wa akiba watayarishwe kama wa kwanza. Fiston Mayele, ambaye wasomaji wa Dar es Salaam wanamfahamu tangu siku zake za Yanga kabla hajatwaa ubingwa wa Afrika na Pyramids, ni mtu wa kuingizwa dakika ya 65 mabeki wakiwa wamechoka. Na Yoane Wissa, aliyeumia goti katika mechi ileile ya Senegali ya Septemba na kukosa mashindano ya Moroko, atakuwa amepata miezi mitatu ya kurudisha kasi yake. Hatukuwa naye dhidi ya Aljeria. Tofauti inaweza kuwa hiyo.

Msichana mmoja mwenye jezi aliuliza kuhusu malalamiko ambayo Nijeria waliyapeleka FIFA Desemba, kwamba baadhi ya wachezaji wetu wana uraia wa nchi mbili ilhali sheria ya Kongo hairuhusu. Nganda nzima ikafoka. Mimi nilisema, na ninarudia hapa: wachezaji wale walipewa ruhusa na FIFA kabla ya kuvaa jezi, na mechi iliamuliwa uwanjani. Nijeria ni taifa kubwa la soka, halihitaji njia hiyo.

Ni lazima niseme pia natokea wapi. Mimi ni mtu wa Bukavu. Mji wangu uliingia mikononi mwa waasi wa M23 Februari 2025, wiki chache baada ya Goma, na ndugu zangu wengi bado wako huko. Februari 2024, kabla ya nusu fainali na Kodivaa, wachezaji wa Leopards walisimama wakati wa wimbo wa taifa, kiganja kimoja kimefunika mdomo, vidole viwili vya mkono mwingine vimeelekezwa kwenye kichwa kama bastola. Walikuwa wanasema kwamba mashariki mwa Kongo watu wanauawa na dunia imenyamaza. Sijawahi kuisahau picha hiyo. Usiku tulipowatoa Nijeria, binamu yangu wa Bukavu alinitumia ujumbe wa sauti, na nyuma ya sauti yake nilisikia mtaa mzima ukipiga kelele za furaha, ng'ambo ya mstari ambao mimi siwezi kuuvuka. Ndani ya nchi iliyokatwa vipande, timu hii ndiyo kitu nilichobaki nacho sawasawa na binamu yangu, na yule mzee wa Kikula, na mama wa uyoga. Sitaki mtu aniambie huu ni mpira tu.

Saa za Guadalajara ziko nyuma yetu kwa saa nane, kwa hiyo Likasi itakesha. Mwenye nganda ameshasema atanunua mafuta ya jenereta ya akiba. Mwalimu amekubali kwamba tutapita ila kwa penalti. Mzee hataki kutaja matokeo.

Mimi nataja. Jamaika wataitoa Kaledonia Mpya, sisi tutawafunga Jamaika 1-0, na bao litachelewa sana kuja. Wewe unayesoma haya, ukiwa Kigoma, Mombasa, Bujumbura au Maskati, usiku wa 31 Machi shangilia Kongo.